Nani Hayuko Leo

Juzi juzi kanisa letu la hapa Nakuru lilifanya sherehe ya kukumbuka miaka yake, na msichana aliyekuwa anaongoza ibada akaomba wote waliosali hapo tangu siku za nyumba ya mabati wasimame wapigiwe makofi. Nilisimama. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikaona vichwa vya watu waliokaa. Nilikuwa nimetegemea angalau mtu mmoja, hata mtu tuliyekosana naye zamani, lakini sikuona mtu. Msichana akashuka na kipaza sauti chake hadi nilipokuwa, akanishika mkono na kuniuliza kwa sauti ya upole, "Nyanya, hebu tuambie, wakati huo watu walikuwa wanajaa kanisani kama leo?" Nikafikiria. Kusema ndiyo ilikuwa vigumu, na kusema hapana pia ilikuwa vigumu. Nikamjibu, "Ilitegemea mwezi." Watu wakacheka, makofi yakapigwa, nikakaa. Sikuwalaumu. Lakini nilipofika nyumbani nilivua viatu tu, nikakaa kitandani na gauni langu la sherehe, nikaanza kuwapanga watu wa ile nyumba ya mabati benchi kwa benchi kuanzia mbele, na nikaona kwamba bado ninawajua kwa migongo yao.

Ya kwetu na ya wazazi wangu nayaacha, hayahusiki hapa. Niliteremka stesheni ya Nakuru mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa bibi mpya wa Shadraka, aliyekuwa anachochea moto wa injini za reli. Hali ya Hatari ilikuwa imeshatangazwa, serikali ya Wazungu ikiwasaka Wakikuyu waliokula kiapo cha kuipinga, lakini sisi tuliotoka upande wa magharibi tulidhani hayo ni mambo ya watu wengine. Shadraka alinipeleka kwenye chumba chake cha landi, zile nyumba za mstari ambazo reli ilijengea wafanyakazi, akanionyesha mfereji, choo na duka la Mhindi, na kesho yake akaondoka na gari moshi la mizigo kuelekea Eldoret. Nilibaki na kitanda cha chuma, jiko la makaa, sanduku langu, na dirisha dogo lililotazama reli. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa na juu zikaishia kabla ya kufika mabati, kwa hiyo nilisikia kila kitu kutoka chumba cha jirani, kikohozi, ugomvi, kijiko kikikoroga chai kikombeni. Siku za upepo, vumbi jeupe la magadi lilitoka ziwani likaingia hadi kwenye unga. Wakati wa kiangazi nilikuwa nafagia asubuhi, nafagia mchana, si kwa sababu ya uchafu, ni kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Shadraka alikuwa akirudi macho mekundu, anakula bila kuongea, analala, anaamka, anakwenda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezoea kelele ya injini, na mtu wa injini haongei, anaonyesha kwa mkono. Hata mezani alikuwa akinionyesha chumvi kwa mkono.

Kanisani nilikwenda ili nisikie watu wakiongea Kiswahili nilichojifunza shuleni, maana siku nyingine jioni ilifika sijafungua mdomo. Lilikuwa jengo la mabati karibu na njia ya kwenda Bondeni, lenye sakafu ya udongo uliopigwa na mabenchi yaliyotengenezwa kwa mbao za masanduku ya mizigo. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti wa mgunga, na aliyeigonga ni mzee mmoja wa Kikuyu aliyeitwa Gatimu, ambaye kila alipomaliza aliweka nyundo chini polepole kana kwamba ingeweza kuumia. Wanaume walikaa upande mmoja na wanawake upande wa pili, na kila mama alikuwa na benchi lake, karibu na jirani yake au mtu wa kwao. Mimi sikuwa na mtu. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na kwa miezi yangu ya kwanza sikuwajua watu wa kanisa lile kwa nyuso. Nilijua leso zao, shingo zao, namna kila mmoja alivyombeba mtoto, nani alisinzia wakati wa mahubiri na nani alikunja bega wimbo ulipopanda juu.

Kanisa hilo halikuwa na daftari la kuandika nani amekuja na nani hakuja. Lilikuwa na swali. Baada ya matangazo, mzee wa kanisa, Mzee Yohana, fundi seremala mwenye koti lisilokuwa na vifungo viwili vinavyofanana, alikuwa akishuka kutoka mbele, anasimama katikati ya mabenchi na kuuliza, "Nani hayuko leo?" Watu walijibu kwa sauti. "Baba Tito hayuko, yuko na gari la Kisumu." "Mama Tabitha hayuko, ameenda nyumbani kupalilia." Waliokosekana bila sababu inayojulikana walitembelewa katikati ya wiki na Mama Abigaeli, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye hakuwahi kubisha hodi akasubiri kujibiwa. Jumapili moja watu waliishiwa na majina, na Mzee Yohana alipokuwa anageuka kurudi mbele, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Na yule mama wa benchi la nne, mwenye leso ya kijani, anayebeba mtoto upande wa kushoto." Wote wakageuka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuziona nyuso nyingi kati ya hizo.

Mama Abigaeli akacheka. "Huyo ni Nyambura. Na wewe ni nani?"

"Bibi ya Shadraka wa reli."

"Jina lako nimeuliza."

"Berita."

"Basi Berita, wewe una macho. Jumatano tutaenda pamoja."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, ingawa hakuna aliyeiita kazi. Kila Jumapili niliangalia mapengo, na katikati ya wiki nikamfuata Mama Abigaeli nyumba kwa nyumba. Baada ya muda nilianza kuelewa mapengo yenyewe. Upande wa wanaume ulijaa na kupungua kufuatana na treni. Ukiona mabenchi ya mbele yako wazi, ujue mizigo ya mahindi imeanza kushuka. Mvua zikianza, wanawake wa kwetu walipotea kama ndege, wamekwenda kupanda, na walirudi wiki nyingi baadaye na ndizi na mikono iliyopasuka. Kulikuwa na mama aliyekosa kila mara mume wake alipokuwa nyumbani, na hatukuuliza kwa nini, tulikwenda tu siku ambayo mume ameondoka. Vyumba vilikuwa vya aina moja, na bado kila kimoja kilinuka kivyake, sabuni ya kipande, samaki mkavu, mafuta ya taa, maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu. Nilikula zaidi katika vyumba hivyo kuliko nilivyokula kwangu. Chai ilitolewa kwenye vikombe vya bati vilivyochoma midomo, na Mama Abigaeli alianza na maombi na kumaliza na habari za watu.

Nyambura alikuwa anaishi Bondeni na mume wake Kariuki, mshona viatu, na msichana wao mdogo Wambui. Tulipokwenda ile Jumatano, mtoto alikuwa na surua. Mama Abigaeli aliomba, akanywa chai, akaondoka. Mimi nilibaki kuchota maji kwa sababu Nyambura hakuweza kumwacha mtoto. Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Chumba chao kilijaa harufu ya ngozi na gundi, na viatu vya watu wengine vilipangwa chini ya kitanda vikiwa vimefunguka vidomo. Alinifundisha kuponda viazi na mahindi na majani ya maboga hadi mkono uwake moto, na nilipopumzika alinicheka. "Berita, hiyo ni ugali unasonga? Ponda!" Kiswahili chake kilikuwa kibaya kuliko changu na alikitumia bila aibu hata kidogo. Kariuki alipokuwa na wageni walikuwa wanaongea Kikuyu kwa sauti ya chini, na niliposukuma mlango walinyamaza. Siku moja mgeni mmoja alinitazama kwa muda mrefu, akamuuliza Nyambura neno. Yeye akajibu kwa Kiswahili ili nisikie, "Ni Berita tu." Nilitembea kurudi landi na maneno hayo kifuani. Ni Berita tu. Kwa mtu ambaye kwa miezi mingi alikuwa anaongea na ufagio, yalikuwa mengi.

Najua leo kwamba kila mtu katika chumba kile alikuwa na hofu kuliko mimi, na kwamba mimi nilikuwa na furaha katikati ya hofu yao. Sikuwa naielewa. Nilichokiona ni mapengo. Kwanza walianza kukosekana wanaume wa Kikuyu, mmoja mmoja, na Mzee Yohana alipouliza, mke wa mtu alijibu akitazama chini, "Ameenda safari." Hatukutembelea safari hizo. Halafu, jambo ambalo lilinishangaza, watu wakaongezeka. Walikuja watu ambao sikuwahi kuona migongo yao, wakakaa mbele kabisa, wakaimba kwa nguvu nyimbo wasizozijua. Nilimuuliza Nyambura kama kumekuwa na uamsho. Alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo, akatupa jiwe nje ya mlango.

"Wanataka waonekane," akasema. "Ukiwa kanisani Jumapili, nani atasema ulikula kiapo?"

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nakuja kabla." Akaendelea kuchagua. "Lakini sasa hata mimi nikienda nasikia kama nimeenda kuonekana. Hiyo ndiyo imeniharibia kusali."

Akaanza kukosa. Jumapili moja anakuja, nyingine hayuko. Benchi la nne likawa linaniuma macho. Mzee Yohana alipouliza sikumtaja, kwa sababu nilijua alipo, na nilikuwa nikitoka kanisani ninakwenda moja kwa moja kwake. Tulikaa mlangoni tukimsuka Wambui nywele, naye akikohoa kila mara. Aliniambia kwamba majirani wao wamepelekwa kwa askari na kuulizwa maswali, wengine wamerudi, wengine hawakurudi, na kwamba Kariuki amezikata ngozi zote alizokuwa nazo na kumaliza viatu vya watu ili asiondoke na kitu cha mtu. "Ataenda wapi?" nikauliza. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza jua linalala wapi. "Berita," akasema, "wewe kaa hivyo hivyo." Sijui mpaka leo kama ilikuwa sifa.

Waliwachukua siku ya kazi, alfajiri. Mimi nilisikia malori tu, na mbwa, na baadaye ukimya ambao haukuwa wa kawaida ya Bondeni, maana mtaa ule hata siku ya kilio ulikuwa na kelele. Jua lilipopanda nilikwenda, nikazuiwa na askari barabarani. Nilipofika kesho yake mlango wa Nyambura ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na sufuria ya uji ulioshika ngozi juu, na kuku wa mtu amesimama kitandani. Jirani mmoja, mama wa Kijaluo, alikuwa amekaa nje anapeta mtama. Hakuinua uso. "Wamepelekwa kwao," akasema. Nikamwambia kwamba Nyambura alizaliwa huku kwenye shamba la Mzungu, hana kwao kwingine. "Basi wamepelekwa huko wanasema ni kwao," akajibu, akaendelea kupeta.

Shadraka alirudi wiki hiyo kutoka safari, akakataa kula. Nilidhani ni homa. Aligeukia ukuta, akalala na viatu.

Jumapili iliyofuata kengele haikulia. Watu walikuja kwa kukumbuka saa. Niliketi mahali pangu, na kwa mara ya kwanza niliweza kuona ukuta wa mbele bila kuinua shingo. Benchi la nne lilikuwa na mama mmoja mwisho kabisa, ameweka kitabu cha nyimbo kando yake kana kwamba anamshikia mtu nafasi. Hata wale wa kuimba kwa nguvu hawakuwapo, kuonekana hakukuwasaidia. Mlangoni, hatua chache kutoka kwangu, alisimama afisa kijana wa Kizungu na askari wawili, kofia mikononi kwa heshima. Mahubiri yalikuwa mafupi. Matangazo yakasomwa. Mzee Yohana akashuka katikati ya mabenchi kama kawaida, akauliza, lakini kwa sauti ya mtu anayeuliza njia usiku, "Nani hayuko leo?"

Mtoto alilia akanyonyeshwa. Halafu mama mmoja akasema, "Mama Tabitha bado yuko nyumbani." Mwingine akasema, "Baba Tito ana gari." Mzee Yohana hakusogea. Nadhani alikuwa anasubiri, na nadhani pia alikuwa anaomba mtu yeyote asiseme. Nilisimama. Watu wanaposimulia mambo kama haya husema walipata nguvu fulani. Mimi sikupata nguvu yoyote. Ila nilikuwa nimezoea kuulizwa swali hilo na kulijibu, na nilikuwa na upweke mwingi kiasi kwamba kukaa kimya kungekuwa kumpoteza mara ya pili mtu wa pekee niliyekuwa naye.

"Nyambura hayuko," nikasema. "Kariuki hayuko. Wambui hayuko. Mzee Gatimu wa kengele hayuko." Nikaendelea benchi kwa benchi, upande wa kina mama, kisha upande wa wanaume, na niliyekuwa sijui jina lake nilisema leso yake au koti lake. Nyuma yangu nilisikia kiatu kikigeuka kwenye udongo. Nilipomaliza sikujua nifanye nini, nikabaki nimesimama. Mzee Yohana alitoa kitambaa, akajifuta uso wote, akasema, "Hawa hatuwezi kuwatembelea. Tuwaombee." Hakuna aliyesema amina kwa sauti.

Nje askari mmoja aliniuliza jina na chumba. Jumatatu nilipelekwa kwenye ofisi yao, nikakalishwa kwenye ubao asubuhi hadi jua likaelekea kuzama, bila kuulizwa kitu. Mwishowe karani mmoja, Mwafrika mwenye tai, aliniita.

"Umekula kiapo?"

"Hapana, bwana."

"Wewe kabila gani?"

"Mmaragoli."

Akaweka kalamu chini. "Sasa wewe Mmaragoli na mambo ya Wakikuyu ni wapi na wapi?"

"Tunasali pamoja."

Alicheka, si kwa ubaya, akasema, "Mlikuwa mnasali," akanionyesha mlango. Hilo ndilo lote. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Lakini habari ilifika reli kabla sijafika nyumbani. Msimamizi wa landi alimwita Shadraka na kumwambia amfunge bibi yake mdomo au atafute nyumba pengine, na Shadraka akarudi, akasimama katikati ya chumba na kuongea zaidi ya alivyoongea mwaka wote.

"Unataka nifukuzwe? Turudi nyumbani tukale mawe? Hao watu walikuwa wako?"

"Walikuwa wangu."

"Kwani mimi si wako?"

Nikashika ufagio. Akachukua kofia yake akaenda kazini kabla ya zamu yake.

Kilichofuata hakikuwa na kelele, na ndicho nilichokisikia zaidi. Kwenye mfereji wanawake waliendelea kuongea nilipofika, ila waliongea habari nyingine. Jirani niliyemsikia akikohoa alianza kukohoa kwa chini. Jumapili nilikwenda kanisani, na mtu aliyekuwa karibu na benchi langu akasogea mbele. Mzee Yohana hakushuka kuuliza swali. Alisoma matangazo, akatoa baraka, tukatawanyika. Jumapili nyingine nilivaa, nikafunga leso, nikafika mlangoni kwangu, nikavua. Nikakaa. Nilijiambia ni wiki hiyo moja tu. Jumatano nilifagia mapema, nikachemsha maji, nikaweka vikombe, nikasubiri Mama Abigaeli aingie bila kungoja kujibiwa. Nilisikia sauti yake ikipita kwenye mstari wa pili, ikaingia chumba fulani, ikatoka, ikaenda zake. Nikafanya hivyo wiki iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Chai ilipoa nikaimwaga. Nilikuwa nimejifunza vizuri sana pengo linavyoonekana kutoka nje. Sasa nilikuwa ndani yake, na nikajua kitu ambacho katika safari zetu zote sikuwahi kukijua, kwamba mtu aliye ndani husikiliza nyayo zote.

Kuhusu Nyambura, niseme yaliyotokea, maana mwenye kusoma atataka kujua. Nilimwona tena, baada ya Uhuru, Subukia. Alikuwa amepata shamba, ana ng'ombe, amekuwa mnene, na Wambui alikuwa msichana wa shule aliyenisalimia kwa adabu bila kunikumbuka. Kariuki alifia kizuizini. Aliniambia hilo akiwa ameshika mkebe wa maziwa, na hakuuweka chini. Tuliongea habari ya mvua na ng'ombe. Nilimwambia kanisa limejengwa kwa mawe sasa; akasema vizuri, yeye siku hizi anasali hapo karibu. Nilitaka kumwambia kwamba nilimtaja. Lakini alikuwa ananitazama vile mtu anavyomtazama mtu wa nyumba aliyohama, na nikaona kwamba kwangu alikuwa mwaka mzima, na mimi kwake huenda nilikuwa siku chache nzuri kabla ya miaka mibaya. Tuliagana. Hakuna aliyekosea. Sikwenda tena.

Narudi chumbani kwangu landi. Ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka, baada ya kuvuna pareto, Shadraka aliporudi asubuhi kutoka zamu, akanawa, akakaa kitandani, na nilipompa uji akaushika tu mkononi. Akasema, bila kunitazama, "Ilikuwa gari letu."

"Gari gani?"

"Lililowapeleka. Mimi na dereva wangu ndio tulikuwa kwenye injini." Akautazama uji. "Tulisimama Naivasha kunywesha injini maji. Nikashuka kukagua. Madirisha ya mabehewa yalikuwa na nyavu. Mwanamke akaita, 'Shadraka! Wewe bwana ya Berita!' Nikamjua, ni yule wa Bondeni. Akasema, 'Mwambie Berita mtoto amepona kikohozi.' Ndiyo hayo tu. Alikuwa anataka tu ujue mtoto amepona."

"Ukamwambia nini?"

"Askari alikuwa hapo." Akakizungusha kikombe. "Nilijifanya sijasikia. Akaita tena. Nikapanda injini."

Sikulia mbele yake. Nilichukua kikombe kutoka mkononi mwake kwa sababu uji ulikuwa unamwagika. Nilitamani kumchukia, na kwa siku chache nilijaribu, nikampakulia chakula na kula peke yangu mlangoni. Lakini nilikuwa nimeona namna alivyogeukia ukuta wiki ile na kulala na viatu, na mtu akishamwona mwenzake hivyo, kumchukia kunahitaji bidii ambayo sikuwa nayo. Tuliendelea kunyamaza, ila kimya chetu kilikuwa kimebadilika. Sasa tulikuwa tunanyamazia kitu kimoja.

Jumapili moja karibu na Krismasi aliamka akiwa hana zamu. Kwa kawaida siku kama hiyo angelala hadi mchana. Alivaa suruali yake safi na koti la reli, kwa sababu hakuwa na koti lingine, akachana nywele kwenye kioo kidogo, akatoka bila kusema anakwenda wapi. Nilifikiri amekwenda kwa wenzake. Nikaweka maharagwe jikoni, nikakaa karibu na dirisha kushona shati lake. Treni ya abiria ikapita, kuta zikatetemeka, chokaa kidogo ikaanguka. Jua likafika katikati ya chumba.

Kisha nikasikia nyayo nyingi, na sauti ya kuitia ng'ombe, na mlango ukasukumwa kabla sijainuka. Mama Abigaeli aliingia na skonzi zimefungwa kwenye kitambaa, nyuma yake yule mama wa benchi la nne na mwenzake, nyuma yao Mzee Yohana ameshika kofia kifuani. Mama Abigaeli alinitazama, akaziweka skonzi kitandani. "Mama," akasema, "tulichelewa." Nami nikasema karibuni, karibuni, kana kwamba ni siku kama siku nyingine, nikitafuta vikombe na kuviangusha.

Shadraka alibaki nje kwenye kizingiti, na mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, hajui kama aingie katika chumba chake mwenyewe kilichojaa watu wa kanisa. Nilimtazama. Alitaka kuonyesha kwa mkono, kama alivyozoea, akauinua, akaona hautatosha.

"Sikuenda kusali," akasema. "Nilikaa tu nyuma. Yule mzee hakuwa ameuliza, watu wakaanza kusimama watoke. Nikamwambia, 'Mzee, uliza.' Akauliza." Akanyoosha koti lake. "Nikasema mke wangu hayuko."

Nikasogeza shati na sindano kando, nikakaa pembeni kabisa ya kitanda, wapate nafasi.